Dole Gumba

"Anza na wewe mwenyewe," lasema dirisha la simu,
nami nimekaa Majengo, saa tano ya usiku,
feni inazungusha joto lilelile,
bando la shilingi hamsini linahesabu pumzi zake.
Nikaandika: Mwanasha Kombo Feruzi.
Kisanduku kikang'aa kijani.
Nikadhani kazi ni nyepesi.

Baba: Kombo Feruzi. Amefariki.
Mama: Zamzam Athmani. Yupo chumba cha pili, anakoroma.
Babu: Feruzi Mabruki. Tarehe ya kuzaliwa?
Nikamwamsha mama.
"Mkwe wangu? Mwaka wa nzige,
au ule uliofuata, watu walipokula ming'oko."
Nikaandika nzige. Kisanduku kikageuka chekundu:
tafadhali weka tarakimu.

Nikatafuta Feruzi Mabruki, Mombasa.
Mashine, kwa adabu zake zote,
ikaniletea duka la matairi huko ng'ambo,
lina nyota nne na nusu.

Twalibu, mtoto wa kaka, ndiye aliyenifundisha:
"Shangazi, usiandike mnavyotamka nyumbani.
Andika alivyosikia karani."
Basi nikajitia ukarani,
nikavaa kaptula yenye pasi, sikio likawa geni mlangoni kwetu,
nikaandika Ferusi, Feruz, Farooz,
Mabruk, Mabrook,
nikimvunja babu herufi baada ya herufi
hadi akaitika.

Daftari la mishahara, makuli wa makaa, Kilindini.
Picha imelala upande, kona imeliwa na mchwa.
Mstari wa kumi na saba: Ferooz Mabrook. Siku ishirini na sita.
Amekatwa senti; sababu haisomeki.
Na pale pa kutia saini, dole gumba, wino mweusi,
mistari yake imejizungusha
kama ukili ambao haujawa mkeka.

Asubuhi nikampigia Bi Mwanakheri, mkubwa wa waliobaki.
Akacheka, akalia kidogo, akaniuliza alikatwa senti ngapi.
Kisha: "Na huyo Mabruki umemwandika nani?"
"Si ndiye babake Feruzi?"
Nikasikia kijiko kikigonga sufuria ya mbaazi,
kikagonga tena, kikaacha.
"Ndiye. Lakini Mabruki si jina aliloitwa na mamake.
Alivikwa. Lake lilibaki bara,
na waliomzaa, na njia aliyopitishwa.
Wakamwita mbarikiwa, wale waliomnunua.
Jiulize ni nani aliyebarikiwa.
Hapo pawate, mwanangu. Mbaazi zangu zaungua."

Usiku nimerudi kwenye mti wangu.
Juu ya Feruzi kuna kivuli kijivu cha mtu,
hana macho, hana pua,
sura wanayompa kila asiyejulikana.
Nimeandika Mabruki. Nimefuta.
Nimeandika tena, na alama ya kuuliza mbele yake.
Juu yake patupu. Mashine yanihimiza: ongeza wazazi.
Yasema hivyo kila nikigusa, kama mtoto anayedai peremende.
Sijapawata, Bi Mwanakheri.
Nimekaa tu kizingitini.

Bando likaisha. Kioo kikazima.
Nikaweka dole simu ifunguke,
niwekavyo mara mia kwa siku,
kwa salamu, kwa deni, kwa bei ya nyanya,
ila safari hii mkono ukasita.
Yeye aliweka lake apate ujira
chini ya jina asiloweza kulisoma,
na huenda alijua kwamba limekosewa,
na nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

Ile picha nilikuwa nimeihifadhi.
Nikaipanua, nikaipanua,
mpaka ukili ukajaa kioo kizima
na jina likasukumwa nje.

"Bado u macho?" mama akaita kutoka chumba cha pili.
"Niko na babu."
Akanyamaza. Kitanda kikalia.
"Basi mwambie azime taa. Umeme ni ghali."